Kijani Si Msitu: Nani Aliishi Hapa Kabla ya Chai?

Desemba iliyopita nilirekodi klipu pale juu ya Kericho. Mnaijua hiyo mandhari, hata kama hamjawahi kufika: majani ya chai yamekatwa sawasawa kama zulia, ukungu unapanda polepole kutoka bondeni, barabara nyekundu inapita katikati. Nikaiposti na kapsheni moja tu: "Asili jinsi ilivyo." Wasee waliipenda. Kuna mtu wa Nairobi aliniambia anataka kuhamia huku kwa sababu amechoka na saruji.

Jioni nikampelekea kogo simu aone kazi ya mjukuu wake. (Kwa wale hamjui Kikipsigis, kogo ni nyanya.) Kogo alichuma chai miaka 28, kwa hiyo nilidhani atafurahi kuona mahali pake pa kazi pakipendeza hivyo. Aliitazama klipu mpaka mwisho, akanirudishia simu, akaniuliza, "Lakwet, hapo kuna nini kinaishi?"

Nikajibu haraka, "Chai, Kogo."

Akacheka. "Chai imepandwa. Mimi nimekuuliza kinachoishi."

Sikuwa na jibu. Niliirudia klipu yangu mwenyewe, sekunde 40, na sikuona hata ndege. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, nikiuliza wazee na kutembea na daftari. Haya ndiyo niliyopata. Ni marefu kidogo, lakini vumilieni.

Tuanze na neno lenyewe. Shuleni tulifundishwa kwamba makao ni mahali ambapo kiumbe anaishi. Tuliandika: samaki, maji, simba, nyika, nyuki, mzinga. Mwalimu akatupa tiki tukaenda mapumziko. Shida ni kwamba ukilieleza hivyo, makao yanakuwa kama anwani tu. Unaweza kumhamisha mtu anwani na akabaki mtu yule yule, sivyo?

Sasa mfikirie mbega, yule mweusi na mweupe mwenye mkia kama ufagio. Chakula chake ni majani, lakini si majani yoyote tu. Anachagua mti huu leo na ule kesho, na tumbo lake lina vyumba kadhaa vya kusaga hayo majani magumu polepole. Hana kidole gumba. Mkono wake umeumbwa kama ndoano, wa kushika tawi na kuruka kwenda tawi lingine. Analala juu, anazaa juu, anamkimbia tai akiwa huko huko juu. Kwa hiyo ukiuliza makao ya mbega ni nini, jibu "msitu" ni fupi mno. Anahitaji miti fulani, iliyo karibu karibu kiasi cha kumruhusu kuruka, yenye majani ya kutosha mwaka mzima, na mbega wengine wa kuzaa nao. Ukitoa kimoja, hivyo vingine havimsaidii. Mwache kwenye miti kumi iliyozungukwa na kilomita mbili za chai, na bado utampiga picha nzuri. Lakini watoto wake wataoana na nani?

Hiyo ndiyo maana ninayoitumia hapa. Makao ni mahali pamoja na kila kitu kinachomwezesha kiumbe kuendelea kuwepo, yeye na wajukuu wake.

Turudi nyuma kidogo sasa. Huu ukanda wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria unapanda, unakutana na miinuko ya Mau, na mchana mvua inashuka. Mara nyingi inakuja na mawe, kama kila mtu aliyelelewa Kericho anavyojua. Mvua hiyo ndiyo iliyokuza Msitu wa Mau, ambao hata leo ni miongoni mwa misitu mikubwa ya milimani Afrika Mashariki. Ukipanda kutoka huku chini unapita miti mirefu kwanza, halafu mianzi. Humo kuna ndovu, kuna nguruwe mkubwa wa msituni, kuna bongo, yule mnyama mwekundu mwenye mistari myeupe ambaye watu wachache sana wamewahi kumwona kwa macho. Waogiek wamekaa humo vizazi vingi, mizinga yao ikiwa juu ya miti, wakihama na maua kutoka nyanda za chini kwenda juu kufuatana na msimu. Wakipsigis wenyewe walikuwa zaidi watu wa ng'ombe na wimbi, lakini msitu walikuwa nao jirani. Dawa zilitoka huko, asali ilitoka huko, na kiangazi kikiwa kikali mifugo ilipelekwa huko.

Hata jina Kericho kuna wazee wanaolihusisha na neno letu la dawa, kerichek. Wengine wanasema limetoka kwa kiongozi mmoja wa Kimaasai. Mimi siingilii huo ubishi.

Kisha wakaja Waingereza. Mwaka 1905 walituma kikosi Sotik. Watu wengi waliuawa na maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga ardhi hapa Kericho kwa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani. Walikuja kulima kitani, ule mmea wa kutengeneza nguo. Bei ya kitani ikaporomoka na mradi ukafa baada ya miaka michache tu. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay, ziliingia, na mashamba makubwa yakaanza.

Hapa kuna kitu ambacho sikukijua kabisa. Chai yenyewe ni mti wa msituni. Kwao ni kule Uchina ya kusini magharibi, Assam na milima ya Myanmar, ambako hukua chini ya kivuli cha miti mikubwa. Ukiuacha bila kuukata unaweza kupita urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Huku kwetu umekutana na hali unayoipenda: baridi kiasi, mvua karibu mwaka mzima, udongo wenye asidi. Lakini umekuja peke yake. Wadudu waliozoea kuula, ndege wa huko waliokula wadudu hao, miti iliyoufunika, vyote vimebaki. Na kwa sababu tunauchuma kila baada ya siku chache, hata maua haupati nafasi ya kutoa vizuri, kwa hiyo nyuki hana la maana la kufuata hapo.

Kisha chai inahitaji kukaushwa, na viwanda vinakausha kwa kuni. Kwa hiyo kando ya chai tukapanda mikaratusi, ambayo ni ya Australia. Kule kwao koala anakula majani yake na kulala kwenye matawi yake. Huku ni wachache sana wanaokula majani yale. 

Najua kuna mtu anajiandaa kuniambia, "Lakini chai inalinda mazingira, hata mvua inaleta." Ngoja nikupe hadithi ya kweli ambayo inastahili kufundishwa kila shule ya Kericho na Bomet.

Miaka ya 1950 watu wa mashamba walitaka kuongeza chai ndani ya msitu wa Mau Kusini Magharibi. Swali likawa: tukikata msitu tukapanda chai, mito itakauka? Mwaka 1958 shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, chini ya mwanasayansi Charles Pereira, likaanza kupima mabonde mawili yaliyo karibu. Moja linaitwa Lagan, lingine Sambret. Lagan waliliacha na msitu wake. Sambret, lenye ukubwa wa karibu hekta 700, walikata karibu nusu yake wakapanda chai, wakaacha juu mianzi. Kisha wakapima mvua inayoingia na maji yanayotoka, mwaka baada ya mwaka, hadi miaka ya 1970.

Matokeo yalishangaza wengi. Msitu ulipokatwa tu, maji ya mto yaliongezeka kwa muda, kwa sababu hakukuwa na miti ya kuyanywa. Lakini chai ilipokomaa na kufunika udongo, matumizi yake ya maji yalikuwa karibu sawa na ya msitu, hata chini kidogo. Udongo nao haukuchukuliwa na maji kama walivyoogopa, kwa sababu barabara na mitaro vilipangwa kwa makini.

Kwa hiyo yule anayesema chai haikukausha mito ana hoja, na hoja yake ina vipimo. Sitamdharau. Shamba la chai lililotunzwa si jangwa, na ukililinganisha na mteremko uliokatwa ukapandwa mahindi bila matuta, chai inashinda kwa mbali.

Ila jiulize nini kilipimwa. Maji na udongo. Hilo ndilo swali waliloulizwa na wakalijibu vizuri kabisa. Swali la kogo halikuwa kwenye karatasi. Bonde linaweza kutoa maji yale yale, na mto ukasikika vile vile usiku, huku karibu kila aliyekuwa akiunywa ameondoka.

Na bado tunachanganya hayo mambo mawili. Mwaka 1986, wakati wa Rais Moi, serikali ilianzisha Nyayo Tea Zones: ukanda wa chai kandokando ya msitu, kama ua wa kuzuia watu wasiingie. Wazo lilikuwa zuri kwa namna yake. Lakini ua uliwekwa kwa kufyeka sehemu ya msitu, na haukutosha kuzuia wakubwa. Mwaka 2001 serikali yenyewe ilitoa sehemu za Mau kwa makaratasi: zaidi ya hekta 20,000 upande wetu wa Kusini Magharibi, na zaidi ya 35,000 upande wa Mashariki. Jopo la serikali lilipotoa ripoti mwaka 2009, lilikuta kwamba karibu robo ya Mau ilikuwa imepotea ndani ya miaka 15 hivi.

Wakati huu mito ilisikia. Nyangores na Amala zinapita Bomet kisha zinaungana kuwa Mto Mara. Ule mto wa kwenye televisheni, nyumbu wakiruka na mamba wakisubiri, maji yake yametoka huku juu kwetu. Mtalii analipa hela nyingi kumwona nyumbu, na nyumbu hajui kwamba maisha yake yanategemea kipande cha mwanzi ambacho hatawahi kukifikia. Kwa hiyo makao ya kiumbe yanaweza kuendelea mbali kuliko miguu yake inavyofika.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya wanyama, na ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini kogo aliuliza "nini kinaishi," na nadhani alijihesabu.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalum ya kuwaondoa Watalai, ule ukoo wa orkoiik, viongozi wa kiroho waliohofiwa kwamba wangeamsha upinzani. Karibu watu 700 walichukuliwa kutoka Kericho wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Kwenye ramani si mbali. Lakini fikiria watu wa mita 2,000, waliozoea baridi na ng'ombe wa maziwa, wakishushwa kwenye joto lenye mbu na mbung'o. Ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Watu, hasa watoto, walikufa kwa malaria ambayo miili yao haikuizoea. Hawakupigwa risasi, walitolewa makaoni, na hilo lilitosha. Waliporuhusiwa kurudi, karibu na wakati wa Uhuru, ardhi yao ilikuwa na wengine, na familia nyingi hadi leo hazina shamba. Agosti 2022 kesi ya Wakipsigis na Watalai dhidi ya Uingereza ilipelekwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Waogiek nao walipewa notisi ya kuhama msituni Oktoba 2009, kwa jina la kuhifadhi msitu huo huo. Walikwenda mahakamani Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tarehe 26 Mei 2017 wakashinda. Mahakama ilisema wazi kwamba kuhifadhi hakuwezi kuwa sababu ya kuwafukuza, maana si wao waliouharibu Mau. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na ardhi yao ya asili itambuliwe kwa hati. Ukiona mtu anasema "msitu hauhitaji watu," muulize anamaanisha watu gani. Yule mwenye mizinga kwenye miti na yule mwenye msumeno wa umeme hawawezi kuwekwa kwenye sentensi moja.

Halafu kuna kogo mwenyewe. Aliishi kwenye nyumba za kampuni, zile laini za nyumba ndogo nyeupe mnazoziona katikati ya chai. Mama yangu alizaliwa humo. Kogo alipanda sukuma nyuma ya mlango na alijua kila jirani mpaka na mbuzi wake. Siku alipostaafu alipewa muda mfupi wa kurudisha ufunguo. Sitaitaja kampuni, utaratibu ulikuwa hivyo karibu kila mahali, na kogo mwenyewe hakulalamika. Lakini aliwahi kuniambia kitu kimoja: kwa miaka 28 hakupanda mti hata mmoja, kwa sababu alijua hatauona ukikua. Enzi za ukoloni ardhi ya mashamba ilikodishwa kwa miaka 999. Katiba ya 2010 imepunguza hadi 99 kwa wasio raia. Kogo alipewa nyumba mpaka mshahara wa mwisho.

Kuna kiumbe mmoja tu ambaye mambo yanamwendea vizuri. Kituo cha hali ya hewa katika mashamba ya chai ya Kericho kimekuwa kikipima joto kwa miaka mingi, na watafiti waliochambua rekodi za miaka 30 tangu 1979 waliona joto limekuwa likipanda kwa karibu digrii 0.2 kila miaka kumi. Digrii hizo ni chache, mtu hazisikii. Lakini mbu wa malaria hutegemea joto ili yeye na kijidudu anachokibeba wakomae, na baridi ya huku juu ndiyo iliyokuwa ukuta wetu. Watalai waliteremshwa kumfuata mbu. Sasa mbu anatafuta namna ya kupanda.

Basi tufanye nini? Siwaambii tung'oe chai. Ada yangu ililipwa na chai, na najua nyumba ngapi hapa zinakula kwa bonasi ya kiwanda. Ninachokitaka ni kidogo kuliko hicho na kinawezekana. Vipande vya msitu vilivyobaki kando ya mito ndani ya mashamba viunganishwe, ili mbega wa bonde hili amfikie mbega wa bonde lile. Kingo za mito zipandwe miti ya kwetu, mikaratusi ikae mbali na maji. Kaunti zetu zikihesabu "miti iliyopandwa" zituambie ni miti gani, maana miche milioni ya aina moja ni shamba. Na Waogiek wasikilizwe kwanza, si mwisho.

Kisha kuna jambo ambalo wewe na mimi tunaweza kulianza wiki hii bila kuomba ruhusa ya mtu. Angalia majina. Tegat ni mwanzi kwa Kikipsigis. Leo ukisema Tegat, watu wanafikiria kiwanda cha chai. Kaptebeswet ni mahali pa mti wa tebeswet. Bomet kuna Simotwet, na simotwet ni ule mtini mkubwa ambao wazee walikusanyika chini yake. Waliotupa hayo majina hawakuwa wanapamba ramani, walikuwa wanasema walichokiona. Muulize mzee wa kwenu jina la kijiji lina maana gani, kisha nenda ukaangalie kama hicho kitu bado kipo. Andika umekipata au hujakipata.

Mimi nilianza na Simotwet, mwezi jana, pamoja na kogo. Tulishuka kwenye matatu tukatembea karibu saa nzima. Tuliona chai, mahindi, mikaratusi, na kanisa jipya. Mtini hatukuuona. Kogo alimsimamisha mama mmoja aliyebeba maji akamsalimia, "Chamgei," kisha akamuuliza simotwet yenyewe iko wapi. Yule mama alifikiria kidogo, akaonyesha bondeni, akasema kuna mmoja ulibaki karibu na mto, lakini njia ni mbaya na jua linaenda.

Kogo ana miaka 74 na goti lake linamsumbua. Aliangalia lile bonde, akaniangalia mimi, akavua viatu, akanipa nimshikie.